Kukusanya nyaraka za ukaazi kwa ajili ya kuomba uraia ukiwa Kigoma: anzia mtaani kwako

Ndugu zangu, hii nawaandikia nyie mnaoishi hapa Kigoma, na wa Tabora pia maana utaratibu ni ule ule, ambao mmekaa nchini miaka mingi kwa vibali, mmefungua biashara, mmezaa na kusomesha hapa hapa na sasa mnataka kuomba uraia wa tajnisi, yaani ule anaopewa mgeni kwa kuomba. Nina steshenari maeneo ya Mwanga, kazi yangu ni kutoa kopi, kuskani na kuchapa barua, kwa hiyo mafaili ya namna hii yanapita mezani kwangu kila mara, na kuna jambo linaniuma kwelikweli. Mtu kakaa miaka kumi na tano, mtaa mzima unamjua, watoto wanaongea Kiha kuliko hata mimi, lakini akiambiwa aonyeshe kwa karatasi kwamba mwaka 2017 alikuwa anaishi wapi, hana. Wewe unaujua ukaazi wako na majirani wanaujua, ila faili likishafika makao makuu Dodoma huko hakuna jirani, kuna msomaji na karatasi zako basi. Ndo maana nasema kazi ya nyaraka inaanza mapema sana, ikiwezekana mwaka mzima kabla hujagusa fomu.

Kabla ya yote: hakikisha wewe ni mtu wa tajnisi kweli

Huku mpakani hili linachanganya watu wengi. Kama ulizaliwa nje ya nchi ila mmoja wa wazazi wako ni Mtanzania wa kuzaliwa, hapo tunaongelea uraia wa kurithi. Kama ulizaliwa hapa na mzazi wako ni Mtanzania, ila tu huna karatasi, shida yako ni cheti cha kuzaliwa na NIDA, nenda RITA na ukusanye vyeti vya wazazi, usikimbilie fomu ya tajnisi, maana ukishaijaza ile fomu umeshakubali kwa mkono wako mwenyewe kwamba wewe ni mgeni. Watu wa Kigoma tunajua kuulizwa uraia kwa sababu ya jina au lafudhi, na nimeona Waha kabisa wa Buhigwe wamechoka kuulizwa mpaka wanataka "waombe tu yaishe". Usiombe kitu ambacho tayari ni chako.

Wenye asili ya Burundi waliokuja 1972 na kupewa uraia kwa mpango ule maalumu, watu zaidi ya 162,000 wa makazi ya Ulyankulu kule Tabora na Katumba na Mishamo kule Katavi, hati zao zilianza kugawiwa 2014. Kama baba au mama yako yumo humo, kinachotakiwa ni ile hati yake, itafute popote ilipo, ndo itakayokubeba.

Mwanamke aliyeolewa na Mtanzania ana njia yake kwenye sheria, anaweza kuomba wakati mume yupo hai, na nyaraka mama kwake ni cheti cha ndoa. Sasa hapa Kigoma ndoa nyingi mahari imetoka, wazee wamekaa, shughuli imeliwa, cheti hakuna. Dada yangu, nenda mkaiandikishe hiyo ndoa sasa hivi mkiwa wote wazima. Mwanaume aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo, yeye anaenda na tajnisi ya kawaida kama wengine.

Na wa kambini, Nyarugusu au Nduta: kitambulisho cha mkimbizi sio kibali cha ukaazi, mambo yenu yako chini ya sheria ya wakimbizi, onaneni kwanza na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi na msimpe hela mtu anayewaambia miaka ya kambini atawageuzia iwe ya kibali.

Kitu kingine nasikia sana ni kwamba Burundi imo Jumuiya ya Afrika Mashariki toka 2007 na Congo imeingia 2022 kwa hiyo sisi wote ni wamoja. Kwenye kutembeleana ndio, kwenye uraia hapana. Muhuri wa kuingia kama mgeni, hata ukiwa na miezi sita, sio ukaazi.

Hatua ya 1: piga hesabu ya miaka

Sheria ya Uraia, Sura ya 357, ile ya mwaka 1995, inataka vitu viwili kwenye muda. Kwanza miezi 12 ya mwisho kabla ya kuomba uwe umekaa nchini muda wote. Pili, ndani ya miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi 12, uwe umekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Kwa hiyo kiujumla wanaangalia miaka 11 nyuma, na ndani ya ile 10 unaruhusiwa kuwa na mapengo yasiyozidi miaka 3.

Hapa kuna mtego ambao watu hawauoni. Chukua mfano wa mtu anayetaka kuomba tarehe 1 Machi 2026. Miezi 12 yake ni kuanzia 1 Machi 2025. Miaka 10 yake ni kuanzia 1 Machi 2015 mpaka 1 Machi 2025. Tuseme alirudi kwao Uvira, kule Congo, kuanzia Machi 2017 mpaka Machi 2019, hiyo miaka miwili imetoka. Halafu kibali kiliisha akakaa bila kibali kuanzia Januari 2021 mpaka Julai 2022, mwaka na nusu, na mimi namshauri kila mtu mwaka usio na kibali usiuhesabu kabisa. Jumla ya mapengo miaka mitatu na nusu, amebakiwa na sita na nusu, kapungukiwa miezi sita. Atasema basi nasubiri miezi sita. Haitoshi! Kwa sababu ukisogeza tarehe mbele miezi sita, mwishoni unaongeza miezi sita mizuri lakini mwanzoni unapoteza miezi sita mizuri ya 2015, mapengo yote bado yapo ndani. Inabidi asubiri mpaka ile miaka 10 ianzie Septemba 2017 ndo lile pengo la Uvira lianze kutoka nje, maana yake anaomba Septemba 2028. Najua inauma, lakini bora uijue mezani kwako ukiwa na kalenda kuliko kuijua baada ya kulipia kila kitu na faili kurudi.

Kwa huo mwaka wa mwisho punguza safari, maana sheria inataka uwepo muda wote. Msiba ukitokea Bujumbura ukalazimika kwenda, pita mpakani kihalali ugongewe muhuri kwenda na kurudi, tunza na ushahidi wa msiba, na umwambie afisa Uhamiaji mapema badala ya yeye kuja kukiona mwenyewe kwenye pasipoti.

Hatua ya 2: fungua daftari la miaka

Nunua kaunta buku moja. Chora mistari, kila mwaka ukurasa wake. Juu andika mwaka, chini yake andika kuanzia mwezi gani mpaka mwezi gani uliishi wapi, mtaa, kata, nyumba ya nani, halafu namba ya kibali kilichokuwa kinatumika na tarehe zake, halafu ulikuwa unafanya kazi gani, halafu safari za nje, na mwisho kabisa karatasi gani unayo ya kuthibitisha. Mfano ukurasa wa mwaka mmoja unaweza kusomeka: Januari hadi Juni, Katubuka, nyumba ya kupanga, kibali daraja A (cha mwenye biashara yake), Julai hadi Desemba, Gungu, nyumba ya kupanga, kibali kile kile, safari moja Bujumbura siku nne kupitia mpaka wa Manyovu, ushahidi mkataba wa nyumba wa Gungu, ripoti ya shule ya mtoto, karatasi ya makadirio ya TRA.

Lengo lako ni kila mwaka usimame kwa karatasi mbili zilizotoka sehemu mbili tofauti, moja ya serikali na moja ya maisha ya kawaida. Mwaka wenye karatasi moja uuwekee alama ya biro nyekundu. Mwaka ambao hauna kitu, hapo ndo pa kuhangaikia. Usianze kukusanya kwa kuokota okota chochote unachokutana nacho kabatini, utakuja na faili zito lenye karatasi arobaini za 2023 na hakuna hata moja ya 2018, nimeyaona hayo mengi sana.

Hatua ya 3: pasipoti na vibali, hii ndo nguzo

Toa pasipoti zote, ya sasa na za zamani. Ya zamani iliyokwisha muda ni mali, usiitupe, usimpe mtoto achezee, maana mihuri ya miaka ya nyuma imo humo. Kama ubalozi uliichukua ulipokuwa unabadilisha, angalia kama una kopi za kurasa, kama huna andika barua kuomba uthibitisho wa namba ya ile ya kwanza. Iliyoibiwa au kupotea inataka ripoti ya polisi.

Kaa kwenye mwanga mzuri ufungue ukurasa mmoja mmoja, kila muhuri uandike kwenye daftari: tarehe, umeingia au umetoka, na mpaka gani. Muhuri wa Manyovu, wa Mabamba, wa bandarini Kigoma kwa waliokuja na boti za Kalemie na Uvira, wa Dar uwanja wa ndege. Utakuta mtu ametoka lakini hakuna muhuri wa kurudi, au amerudi mara mbili mfululizo bila kutoka, hii ni kawaida sana kwa watu wa mpakani maana siku nyingine mtu anapita njia za kienyeji anaenda sokoni na kurudi. Kwa msomaji wa faili, mtu aliyetoka bila muhuri wa kurudi ni mtu ambaye hakurudi. Kwa hiyo kila muhuri usio na mwenzake utafutie karatasi inayoonyesha ulikuwa hapa baada ya ile tarehe: risiti ya benki uliyosaini mwenyewe, hudhurio la kikao cha shule, kadi ya hospitali.

Vibali navyo vipange kwa tarehe, daraja A kwa wawekezaji na wenye biashara zao, B kwa walioajiriwa, C kwa wengine kama wanafunzi na watumishi wa dini, pamoja na hati za wategemezi kama uliingia chini ya mume au mzazi. Angalia kibali kimoja kilipoisha na kingine kilipoanza. Siku zikiruka katikati, tafuta risiti ya maombi ya kuhuisha, kwa sababu mara nyingi uliomba ndani ya muda na kibali kikachelewa kutoka, na ile risiti ndo inayoonyesha hukukaa kizembe. Wa daraja B ongeza na vibali vya kazi vya Idara ya Kazi, vinakwenda pamoja. Kama una kitambulisho cha NIDA cha mkaazi asiye raia, kiweke hapa hapa, na hakikisha namba yake na majina yanasomeka sawa na kwenye kibali.

Kibali kilichopotea nenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na barua, ukitaja namba ya pasipoti na mwaka, omba uthibitisho. Usisubiri mpaka ufikie hatua ya kuomba uraia ndo uanze kuulizia kibali cha miaka nane iliyopita.

Hatua ya 4: mtaani

Hii watu wanaidharau wakidhani ni barua ya dakika mbili. Maombi ya uraia yanapita kwenye ngazi za chini, kata, wilaya, mkoa, kamati zinakaa na kujadili mtu mwenyewe ni nani, kabla hayajaenda juu. Maana yake balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata ni watu wanaoweza kuulizwa habari zako, na kama mwenyekiti hakujui au daftari lake la wakazi halina jina lako, umeanza vibaya.

Barua ya kawaida inasema "anaishi mtaa huu", basi. Hiyo haikusaidii, wewe unataka yenye tarehe. Nilimsindikiza mzee mmoja fundi seremala kwa mwenyekiti wake, mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo mzee mwenzangu."

"Marahaba, karibuni mkae. Mnataka barua ya utambulisho?"

"Ndio, ila naomba uniandikie na mwaka niliohamia, na nyumba niliyokaa kwanza kabla ya hii."

"Mwaka huo mimi sikuwa mwenyekiti. Ngoja tuone daftari la mwenzangu."

Akaingia ndani akatoka na daftari lenye jalada la kitambaa, kurasa zimekula maji pembeni, akawa anapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka akalikuta jina, limeandikwa kwa mkono wa mwenyekiti aliyepita, na pembeni "mke 1, watoto 3, fundi". Mstari mmoja tu, lakini barua iliyotoka pale ilitaja ukurasa wa daftari, mwaka wa kuhamia, jina la mwenye nyumba, na namba ya nyumba ile ya anwani za makazi waliyobandika 2022. Barua ya namna hiyo ina uzito kuliko tano za "namfahamu vizuri".

Kama umeishi mitaa mitatu, nenda mitaa yote mitatu. Mwenyekiti wa zamani akiwa amestaafu au amefariki, aliyepo anaweza kuandika kutokana na daftari, na majirani wawili watu wazima raia wanaweza kula kiapo kwa wakili kwamba wanakujua tangu mwaka fulani. Chagua majirani waliokaa, sio marafiki zako wa mwaka jana. Barua zote zipite kwa mtendaji wa kata zigongwe muhuri. Na jamani, barua ya mtaa ikitaka mchango wa mtaa lipa upewe risiti, lakini usinunue barua ya mtaa ambao hukuishi, kwa sababu kamati ya kata ikikaa yule yule mwenyekiti ndo ataulizwa, na atasema hakujui.

Hatua ya 5: karatasi za maisha

Hapa jaza yale mapengo yenye biro nyekundu. Mkataba wa kupanga nyumba, na kama mlipanga kwa mdomo miaka yote muombe mwenye nyumba aandike barua ya kuthibitisha toka lini mpaka lini, aambatanishe na kopi ya kitambulisho chake. Bili za maji kama ziko kwa jina lako. LUKU mara nyingi iko kwa jina la mwenye nyumba kwa hiyo peke yake haina nguvu, iambatanishe na mkataba unaotaja namba ya mita.

TIN na nyaraka za TRA ni nzuri sana kwa sababu zinafanya kazi mbili, zinaonyesha ulikuwepo na zinaonyesha umechangia uchumi, na sheria inaangalia mchango wa muombaji pia. Makadirio ya kila mwaka, risiti za malipo, cheti cha kutodaiwa kodi, leseni ya biashara ya manispaa. Walioajiriwa, taarifa ya michango ya NSSF inaonyesha mwezi kwa mwezi, ni dhahabu hiyo, iombe ofisini kwao. Taarifa ya benki ya miaka ya nyuma inaombwa tawini, inaweza kuchukua siku kadhaa.

Halafu za watoto: kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, ripoti za shule zenye sahihi yako. Kadi ya kliniki ya mtoto wa 2016 yenye tarehe za mizani kila mwezi imeshawahi kujaza mwaka mzima wa mama mmoja wa Ujiji ambaye hakuwa na karatasi nyingine ya maana. Barua ya kanisa au msikiti ongeza, isiwe peke yake.

Angalizo la mtu wa steshenari: risiti za mashine zile za karatasi laini zinafutika zenyewe, ukiiacha kwenye pochi miezi michache unabaki na karatasi nyeupe. Toa kopi siku hiyo hiyo. Na nyaraka halisi msizipige laminesheni, mimi nafanya laminesheni kila siku na hela naitaka lakini za uraia nawakatalia watu, kwa sababu kuna mihuri ya kukandamiza ambayo afisa anataka kuigusa. Weka kwenye mifuko ya nailoni ya faili, mbali na mchwa na paa linalovuja, na picha zake tunza kwenye barua pepe yako, simu inaibiwa.

Hatua ya 6: majina

Kama kuna kitu kinachelewesha watu wa huku kuliko vyote ni majina. Majina ya Kirundi na Kikongo ni marefu, mwandishi wa zahanati anaandika anavyosikia, R inakuwa L, N ya mwanzo inaruka, jina la baba linawekwa pasipojulikana maana wengine kwao hawabebi jina la baba kama sisi. Matokeo yake pasipoti ina majina mawili, kibali kina matatu, cheti cha mtoto kinamtaja baba mwenye herufi nyingine, TIN nayo ina yake. Kwa macho ya faili hao ni watu wanne.

Chukua karatasi, andika jina kama lilivyo kwenye kila nyaraka, herufi kwa herufi, usirekebishe kichwani. Jina la kwenye pasipoti ndo lishike usukani. Tofauti ndogo za herufi, wakili anakuandalia hati ya kiapo inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja na anazitaja nyaraka zote moja moja. Kama umebadilisha jina kabisa, umesilimu au umebatizwa au umeolewa ukachukua la mume, kiapo kidogo hakitoshi, inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Zinazorekebishika zirekebishe kwenye chanzo: TRA wanarekebisha, shule inarekebisha, RITA wana utaratibu wao kwa vyeti vya watoto. Tarehe ya kuzaliwa ipitie vile vile, nimekuta mtu ana 1 Januari kwenye karatasi moja na tarehe nyingine kwenye ya pili.

Usiwahi, narudia usiwahi, kufuta au kuandika juu ya nyaraka kwa biro ili ifanane. Ni kosa la jinai, na hata ukipata uraia wa tajnisi kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo, sheria inaruhusu unyang'anywe baadaye.

Hatua ya 7: tafsiri, kopi na mawakili

Nyaraka za Kifaransa, cheti cha kuzaliwa cha Bujumbura au hati ya ndoa ya Lubumbashi, zitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya tafsiri za namna hii. Usitafsiriwe na binamu yako anayejua Kifaransa halafu ukachapa kwangu, haitapokelewa. Kopi zithibitishwe na wakili kwa kuona halisi. Tengeneza seti tatu: ya kuwasilisha, ya kwako, na ya kukaa kwa ndugu unayemwamini kwenye nyumba nyingine.

Panga kwa miaka, mbele weka ukurasa mmoja wa orodha wenye mwaka na karatasi zilizopo, ule ule ulioutoa kwenye daftari. Mwaka wenye pengo usiuruke kwenye orodha, andika ukweli, "nilikuwa Uvira kuuguza mama, ushahidi namba fulani". Pengo lililoelezwa linavumilika kama hesabu yako ya miaka 7 imetimia, lililofichwa ndo linazaa maswali.

Hatua ya 8: kupeleka

Ukiwa na faili nenda ofisi ya Uhamiaji, ya wilaya au ya mkoa, uliza fomu na ada ya sasa hivi kwa afisa mwenyewe au kwenye mtandao wao, usiulize barazani. Malipo ni kwa kontro namba, unalipa benki au kwenye simu, jina la taasisi linatokea kabla hujathibitisha. Mtu akikwambia mpe keshi atakupitishia, huyo ni kishoka, na ukishampa nyaraka zako halisi umempa kamba ya kukufungia.

Kuna pia tangazo la kusudio la kuomba uraia gazetini, kwenye gazeti lililosajiliwa nchini. Tumia maneno utakayoelekezwa, jina liwe lile la pasipoti, na likitoka tunza gazeti zima, sio kipande ulichokata, maana tarehe na jina la gazeti viko juu ya ukurasa. Magazeti yanafika Kigoma yakiwa machache kwa hiyo agiza kabla. Hati ya polisi ya tabia njema nayo inataka kuchukuliwa alama za vidole, ianze mapema.

Utaitwa kwenye usaili. Sheria inataka ujue Kiswahili au Kiingereza cha kutosha, na kwa watu wa hapa Kiswahili sio tatizo. Tatizo ni tarehe. Daftari lako la miaka lisome mpaka likae kichwani, kwa sababu ukisema ulihamia Gungu 2019 na barua inasema 2018 utaonekana unadanganya wakati umesahau tu. Nenda na halisi zote.

Uraia wa zamani usiukane mapema kwa kujipendekeza. Ni kweli Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kuukana kupo na kiapo cha utii kipo, lakini subiri uelekezwe kwa maandishi, usije ukabaki huna wa huku wala wa kule. Uamuzi ni wa Waziri wa Mambo ya Ndani na inaweza kuchukua muda mrefu.

Wakati unasubiri, kibali chako lazima kiendelee kuwa hai, hapa wengi wanajisahau wakidhani maombi ya uraia yanakaa badala ya kibali. Hayakai. Huisha kama kawaida, peleka kopi ya kibali kipya iingizwe kwenye faili, na ukihama nyumba, hata kama ni kutoka Mwanga kwenda Kibirizi tu, mwandikie barua afisa wa Uhamiaji na uage kwa mwenyekiti unayemwacha, halafu ujiandikishe kwa mpya wiki hiyo hiyo.